Ijue Injini Yako Kabla Hujaagiza Kipuri

Wanunuzi wa chuma chakavu sasa wafika mpaka mashamba ya ndani kabisa, na mizani yao mkononi. Jambo la kwanza wanaloliulizia ni injini kongwe, ile iliyokuwa ikizungusha kinu cha kukoboa mpunga, au cha kusaga mahindi, au pampu ya maji, ambayo siku moja ilisimama na haikuwaka tena. Injini ya namna hiyo ina uzani wa zaidi ya kilo 300, na mwenye nayo huona kwamba fedha ya kilo 300 ni afadhali kuliko chuma kilichokaa bure chini ya mwembe. Hatumlaumu. Lakini twapenda wanachama wajue kwamba nyingi katika injini hizo hazikufa. Zimesimama kwa kukosa kitu kimoja au viwili, na vitu vyenyewe vyapatikana hata leo, ikiwa mwenye injini ajua anachokitafuta.

Hapo ndipo penye taabu. Mtu huandika: "Nataka ringi za Lister." Ni sawasawa na kumtuma mtu mjini akanunue kanzu ya Juma. Juma yupi? Mrefu au mfupi? Muuza duka naye, kwa kuwa hataki kupoteza mteja, hutoa ringi zozote zilizo karibu na mkono wake. Zikifika shamba hazikai, na fedha imekwisha kwenda. Mara ya pili mwenye injini hukata tamaa, na mara ya tatu humwita mwenye mizani.

Basi na tuanze na hilo jina la Lister, maana katika visiwa vyetu, kama ilivyo pwani nzima, watu wengi huiita Lister kila injini ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa.

Kampuni yenyewe ilianzishwa na Robert Ashton Lister mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, jimbo la Gloucestershire, Uingereza. Ilijulikana kwanza kwa mashine za kilimo, kama zile za kutenganisha malai na maziwa na za kukata manyoya ya kondoo. Injini zake za dizeli zilianza kutoka mwaka 1929, nazo zikapewa herufi CS, maana yake ni kwamba huwashwa zikiwa baridi. Leo hilo si ajabu, lakini siku zile lilikuwa jambo kubwa. Injini nyingi za mafuta zilizotangulia zilikuwa na kibuyu cha chuma kichwani, na mwendeshaji ilimpasa akipashe moto kwa taa ya kupuliza mpaka kiive, ndipo azungushe gurudumu. Namna hiyo ilitokana na kazi ya Herbert Akroyd Stuart, ikatengenezwa na kampuni ya Hornsby ya Grantham tangu miaka ya 1890. Mwanachama akiikuta injini yenye kibuyu cha namna hiyo, asiiuze kwa kilo hata kidogo. Vipuri vyake vitabidi vichongwe, lakini wapo watu wanaokusanya mashine za kale ambao thamani yake waijua.

Katika injini za CS, iliyoenea zaidi ni ile iitwayo 6/1. Namba ya kwanza ni nguvu za farasi na ya pili ni idadi ya silinda. Kwa hiyo 6/1 ni nguvu za farasi 6, silinda moja, nayo huenda mizunguko 650 kwa dakika. Ipo 8/1, yenye nguvu 8, iendayo mizunguko 850. Zipo na za silinda mbili, kama 12/2 na 16/2. Hiyo 6/1 iliendelea kutengenezwa Dursley mpaka mwaka 1987. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Hawker Siddeley mwaka 1965, na mwaka 1986 ikaunganishwa na ndugu yake Petter ikawa Lister-Petter. Twayataja haya kwa sababu vitabu na orodha za vipuri huonekana kwa majina yote hayo, na mtu asije akadhani kuwa ameletewa kitabu cha injini nyingine.

Tena pana Rajkot. Huu ni mji wa Gujarat, Bara Hindi, ambao mafundi wake wamekuwa wakitengeneza injini kwa mfano wa Lister CS kwa miaka mingi, na kuziuza dunia nzima kwa majina chungu nzima. Nyingine ni nzuri na nyingine hovyo, ila kwetu sisi jambo lililo muhimu ni kuwa zafanana na Lister kama maji na maji, mpaka uanze kupima. Rangi ya kijani si ushahidi. Rangi hununuliwa kwa kopo.

KIBAO NA NAMBA

Injini yenye kibao chake ni neema. Kibao cha shaba hubeba namba ya injini, nguvu za farasi na mizunguko kwa dakika. Mara nyingi kimefunikwa na rangi na mafuta ya miaka 40, na hapa twaomba sana: msikikwangue kwa msasa. Namba zilipigwa kwa kina kidogo tu, na msasa huzila. Lowesheni kitambaa kwa mafuta ya taa, kiacheni juu ya kibao usiku kucha, kisha sugueni kwa mswaki. Namba zikiwa hafifu, zimeni taa, mkamulike kurunzi kutoka ubavuni, na hapo zitasimama zenyewe kwa kivuli chake. Au wekeni karatasi nyembamba juu yake mkapake penseli polepole. Piga na picha kwa simu, hata kama umekwisha kuandika, kwa sababu 3 na 8 zilizochakaa ni mapacha.

Namba zilizosimama juu ya chuma chenyewe, yaani zilizotoka pamoja na chuma kiliposubiwa, si namba ya injini. Hizo ni namba za kalibu. Zaweza kusaidia kujua ni kipande gani, lakini ukizipeleka dukani kama namba ya injini utawachanganya wote. Namba ya injini hupigwa kwa nyundo, na mara nyingi huwa imepigwa pia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni. Tazameni huko kibao kikikosekana.

Kichwani mwa Lister CS za zamani mna dalili nyingine, kigurudumu kidogo cha kukaza kwa mkono, ubavuni mwa hedi. Hukazwa ndani wakati wa kuwasha ili hewa ibanwe zaidi, kisha hufunguliwa nje injini ikishapata moto na kubeba mzigo. Nyingi za Rajkot hazina kitu hicho. Kikiwepo ni dalili njema, na kikikosekana yafaa kushuku, ila shauri lisikatwe kwa hilo peke yake, maana hedi hubadilishwa.

Baada ya hapo ni kupima. Silinda ya 6/1 na 8/1 zote mbili ina upana wa inchi nne na nusu, yaani milimita 114.3, na pistoni husafiri inchi tano na nusu, yaani milimita 139.7. Upana upimwe mahali ambapo ringi hazifiki, kwa kuwa penginepo pameliwa. Kama kipimo ni kingine kabisa, hiyo si CS ya namna hizi, na huenda ni Petter, au Ruston & Hornsby ya Lincoln, au Blackstone ya Stamford. Hata hizo zina watu wanaozijua, lakini tafuteni kwa jina lake.

KINU CHA NDUGU WATATU

Tutoe mfano mmoja, na wenyewe wameturuhusu, ila wameomba majina yasiandikwe. Ni kinu cha kukoboa mpunga huko kaskazini ya Pemba, mali ya ndugu watatu walioachiwa na baba yao. Injini haina kibao. Zipo tundu nne za skrubu tu. Fundi wa kwanza aliitazama akasema, "Hii Lister nane, mimi nimezaliwa nazo." Tangu siku hiyo ikawa Lister nane. Gavana ikakazwa ili iende mbio za nane, na kweli kinu kikakoboa magunia mengi zaidi kwa siku, kila mtu akafurahi. Kisha ikaanza kugonga.

Wale ndugu walinunua beringi za fimbo ya pistoni mara mbili, na mara zote mbili injini iliendelea kugonga. Wakanunua ringi. Ilikuwa msimu wa karafuu, wachumaji wamejaa, kila nyumba yataka mchele, na kinu kimesimama. Mnunuzi wa chuma akaja akapima kwa macho, akataja bei. Mkubwa wao alikuwa amekwisha kukubali nusu.

Tulipokwenda kutazama tulifuatana na fundi mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye pampu na majenereta. Hakutaka iwashwe. Aliuliza kwanza:

"Mwanangu, nani kakwambia hii ni nane?"

"Fundi, babu."

"Na fundi kaambiwa na nani?"

Hapo pakawa kimya. Mzee akaomba nyundo ndogo, akaanza kugonga mikono ya flaiwili mmoja mmoja, kama mwanamke achaguavyo mtungi sokoni. Flaiwili ya kushoto ililia vizuri. Ya kulia ilitoa sauti ya kitu kilichopasuka. Akaipangusa kwa mafuta ya taa pale kitovuni inaposhika shafti, akaiacha kidogo, akaikausha kwa kitambaa, akaipaka vumbi la chaki. Baada ya dakika chache mstari mweusi mwembamba kama unywele ukajichora wenyewe katika weupe wa chaki, kuanzia kwenye tundu ya kabari kwenda nje. Mafuta yalikuwa yamejificha katika ufa, na chaki iliyanyonya.

Basi kugonga kote kule hakukuwa beringi wala ringi. Kabari ilikuwa imelegea kwa sababu kitovu kimepasuka, na flaiwili ilikuwa ikicheza juu ya shafti kila injini ilipopiga moto. Na injini hiyo ilikuwa ikizungushwa 850 katika chumba ambacho wanawake huketi kwenye mlango wake kungojea zamu, na watoto mgongoni.

Wanachama wafahamu hesabu yake. Nguvu inayotaka kulipasua gurudumu haipandi sawa na mbio, bali hupanda kwa mraba wa mbio. Kutoka 650 kwenda 850 mbio zimeongezeka kwa karibu thuluthi moja, lakini nguvu ya kupasua imeongezeka kwa asilimia 71. Flaiwili ikiachia haianguki chini kama tofali. Hupasuka vipande, na kila kipande hupita ukutani.

Lakini je, ilikuwa sita au nane kweli? Upana wa silinda hauwezi kujibu, kwa kuwa ni mmoja. Mzee akaenda kwenye kinu chenyewe, ambacho kibao chake kilikuwapo, nacho kimeandikwa mizunguko 750 kwa dakika. Akapima puli ya kinu, inchi 13. Akapima puli ya injini, inchi 15. Puli hizo zilifungwa na marehemu baba yao kwa mkono wake, hazijabadilishwa. Zidisha 750 kwa 13, gawa kwa 15, na jawabu ni 650. Aliyeifunga alijua kuwa ni sita. Kwa mbio za 850 kinu kilikuwa kikienda karibu 980, na ndipo ndugu wa pili aliposema kwamba mchele tangu wakati ule umekuwa ukivunjika sana, na wao walidhani kuwa mpunga ndio mbaya.

Mengine yalikuwa mepesi. Hedi haina kigurudumu cha mkono, na nati za vifuniko viwili ni za milimita. Ni 6/1 ya Rajkot. Kulijua hilo kuliwaokolea fedha, kwa kuwa vipuri vya Rajkot ni rahisi kuliko vya Lister yenyewe na bado vyatengenezwa.

Flaiwili haikuagizwa mbali. Ilipatikana kwenye injini iliyolala katika shamba jirani, pistoni imeshika kwa kutu, mwenyewe tayari keshapatana bei na mwenye mizani. Zilichukuliwa zote mbili, si moja, na sababu yake ni hii. Injini nyingine za namna hii husawazishwa kwa uzito uliosubiwa ndani ya flaiwili, na nyingine kwa uzito ulio kwenye shafti ya ndani. Ukifunga flaiwili moja ya namna hii na nyingine ya namna ile, injini huruka juu ya msingi wake mpaka ing'oe boliti. Shafti nayo ilipimwa kwa kalipa, si kwa rula. Inchi mbili ni milimita 50.8, na mwenye rula ataandika 50 akaridhika, kumbe tofauti hiyo yatosha kuifanya flaiwili ikatae kuingia au icheze ikishaingia.

Iliyopasuka haikuungwa kwa welding. Fundi mmoja kijana alijitolea kuiunga, na mzee akamjibu kwa adabu kwamba chuma cha kusubu kilichoungwa chafaa kuwa mguu wa meza.

Mbio za injini waliziweka kwa simu. Injini ya dizeli ya namna hii hupiga moto mara moja kwa kila mizunguko miwili. Iachwe ifanye kazi chini ya mzigo, irekodiwe sauti ya bomba la moshi kwa sekunde 10, kisha sauti ichezwe polepole na kuhesabiwa. Ikipiga mara 54, hiyo ni 650. Ikipiga 71, hiyo ni 850. Ndugu watatu sasa wakoboa magunia machache kuliko mwaka juzi, ila mchele watoka mzima, na wateja waliokuwa wamehamia kinu kingine wamerudi.

NATI, BERINGI NA MENGINEYO

Lister ya Dursley ilifungwa kwa nati za Whitworth na jamii yake. Spana za Whitworth huandikwa unene wa boliti, si upana wa kichwa cha nati, na kwa hiyo spana iliyoandikwa nusu inchi ya Kiingereza ni kubwa kuliko ya Kimarekani iliyoandikwa vivyo hivyo. Boliti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi. Ya Kimarekani ya kawaida ina 13. Ya milimita 12 meno yake yameachana milimita 1.75. Boliti yaweza kuingia mizunguko miwili mitatu katika nati isiyo yake, kisha hukaza, na mwenye nguvu huendelea kuzungusha. Hivyo ndivyo matundu mengi yalivyoharibiwa. Chukueni boliti ya zamani, ilazeni juu ya mpya, meno kwa meno, mkaielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipita, si yenyewe.

Beringi za roli hazihitaji jina la injini hata kidogo. Zina namba yake zenyewe imepigwa pembeni, na duka lolote la beringi, liwe Darajani, Dar es Salaam au Mombasa, litaitambua namba hiyo. Vivyo hivyo mikanda na sili za mafuta. Twashangaa kuona mtu akilipa bei ya kipuri cha injini kwa beringi inayouzwa kwa bei ya kawaida dirisha la pili.

Pistoni itazamwe kichwani. Silinda iliyokwisha kuchongwa huwa imewekewa pistoni kubwa zaidi, na kipimo hupigwa juu yake, mathalan +.020, yaani imezidi sehemu 20 za elfu ya inchi. Ukiagiza ringi za kipimo cha kwanza kwa pistoni hiyo, zitaingia vizuri sana, na injini itavuta moshi na mafuta kama zamani.

Mambo mawili ya hatari. Nozeli ikijaribiwa nje ya injini, mkono usikaribie mvuke wake. Presha yake yapita paundi elfu moja kwa kila inchi ya mraba, na mafuta huingia chini ya ngozi bila ya kuonyesha jeraha kubwa. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje uvimbe. La pili ni gasketi za zamani na vitambaa vilivyozungushwa kwenye bomba la moshi. Vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Visikwanguliwe vikavu. Viloweshwe maji kwanza, vitolewe vikiwa vibichi, vifungwe katika mfuko na kufukiwa mbali na kisima.

Kwa wanaotaka kuagiza kwa pamoja, na hiyo ndiyo njia tunayoipendelea kwa sababu gharama ya kusafirisha sanduku moja zito hugawanyika, kila mmoja alete kwa katibu wa tawi lake karatasi yenye haya: namba ya injini au neno "haina", upana wa silinda na safari ya pistoni kwa milimita, alama iliyo kichwani mwa pistoni, unene wa shafti kwa kalipa, kama hedi ina kigurudumu cha mkono au haina, na picha tatu, mbele, upande wa flaiwili, na upande wa pampu ya mafuta. Kipuri cha zamani kisitupwe mpaka kipya kimekwisha kukaa mahali pake na injini imefanya kazi siku nzima. Kalipa ya kuazima ipo kwa makatibu, nayo irudishwe ikiwa imepakwa mafuta, kwa kuwa iliyotangulia ilirudi na kutu.